Redio ya gari ikiomba namba ya siri



Karatasi hii huwa inaongea juu ya mbegu, maziwa, viazi na bei ya maharagi. Leo tunapanda ndani ya gari. Swali limekuwa likirudi kutoka kwa kooperative zenye gari yao, na karibu kila mara linakuja kwa maneno yale yale: "Tulitoa batri, tukairudisha. Motere inawaka, taa zinawaka, honi inalia, lakini redio imeandika CODE na haitaki kuongea. Imekufa?"

Hapana, haijakufa. Redio hiyo ni mzima kabisa. Inafanya kazi ile ile iliyotengenezewa: inangoja mwenyewe aseme namba yake.

Kuko wanaosema redio ni starehe ya shofere, mkulima inamhusu nini. Anayesema hivyo hajalala na mzigo wa viazi kati ya Mushaki na Sake, mvua inanyesha, simu haina rezo, na hakuna anayejua kama mbele kunapitika. Kwa shofere wetu redio ndiyo inayomwambia habari za usalama kabla ya kuondoka, na ndiyo inayomwambia mapema barabara ikikatika. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002 na inaongea Kiswahili pamoja na Kifaransa, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Goma inasikika kwenye 105.2 FM. Kuko tena redio za jamii huku kwetu zinazotangaza siku za soko na matangazo ya vijiji. Gari iliyo bubu inatembea kama kipofu.

Kuna neno moja la kunyoosha kwanza. Kwa Kiswahili "kodi" ni ile pesa unayotoa sokoni na kwenye bariyeri. Hatutaki mtu asome hapa akafikiri redio nayo imeanza kulipisha. Kwa hiyo tutasema "namba ya siri", au "kode" kama mafundi wa Goma wanavyosema.

Kwa nini redio inajifunga

Katika miaka ya 1980 na 1990, huko Ulaya, wezi walikuwa wanavunja vioo vya magari usiku na kuchomoa redio. Gari ilibaki, redio ilikwenda kuuzwa. Watengenezaji wakafikiri hivi: tukifanya redio isiwe na maana mikononi mwa mwizi, hataisumbukia. Wakaweka ndani yake kijisehemu kidogo cha kumbukumbu kinachotunza namba, na namba hiyo haipotei hata umeme ukikatika. Kila mara redio inapokatwa umeme wa batri kisha kuupata tena, inajiuliza: je, nimechomolewa? Haiwezi kujua kama ni mwizi aliyekata waya au ni ninyi mliobadilisha batri. Inafunga, na inaomba namba.

Ili hili lieleweke vizuri inafaa kujua kwamba redio ya gari ina njia mbili za umeme. Ya kwanza inakuja moja kwa moja kutoka batri, mchana na usiku, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa shofere. Hiyo ndiyo inayoshikilia saa, stesheni ulizoweka, na ule ufahamu wa kwamba redio iko bado ndani ya gari yake. Ya pili inakuja tu ukiweka kontakti, na hiyo ndiyo inayoiambia redio iamke. Kisha kuko waya wa masi, unaorudi kwenye bati la gari. Kwenye redio nyingi zinazouzwa peke yake, waya wa kudumu ni wa manjano, wa kontakti ni mwekundu, na wa masi ni mweusi. Redio iliyotoka kiwandani pamoja na gari inaweza kuwa na rangi zingine kabisa, basi fundi asitegemee rangi, apime.

Ukizima gari kwa ufunguo, redio haioni tatizo, maana waya wa kudumu una umeme. Ukitoa batri, ndipo inajifunga.

Batri inayotoka kila usiku

Kwetu huku batri ya gari ina kazi nyingi kuliko ile ya gari. Jioni inatolewa, inapelekwa nyumbani au kwenye kibanda, inachaji simu za watu, inawasha taa ya mkutano, inapiga muziki ya harusi. Wengine wanaitoa kwa kuogopa isiibwe, na hiyo tunaielewa. Asubuhi inarudi. Kila asubuhi ya namna hiyo, redio yenye namba ya siri inajifunga. Kama namba inajulikana, ni kazi ya dakika moja. Kama haijulikani, ni mwisho wa habari.

Tena si redio peke yake inayoumia. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kuwasha motere, kisha kujazwa pale pale na alternata. Haipendi kunyonywa polepole usiku kucha mpaka ikauke. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inapima karibu 12.6. Ikishuka mpaka karibu 12.0 imebaki na kidogo sana, na ikifika 10.5 imeisha. Ukiirudisha huko chini mara nyingi, inakufa kabla ya siku zake, na kooperative inanunua ingine. Batri ya sola imetengenezwa kwa kazi ile ya polepole. Komite inayotaka kuchaji simu za wanachama ifanye hesabu ya paneli ndogo na batri yake, iiache batri ya gari ndani ya gari, na ifunge boneti kwa kufuli kama wezi ndio shida.

Kwa wenye Fuso na malori mengine yenye batri mbili za volti 24, tunasema jambo moja kwa nguvu. Msichukue umeme wa volti 12 kwenye batri moja tu ili kuendesha redio au chaja. Batri ile moja inachoka, ya pili inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinaharibika. Tumieni kipunguza volti. Na redio ya volti 12 isiunganishwe kamwe moja kwa moja kwenye 24. Inaungua, na hiyo hakuna namba itakayoifufua.

Kama ni lazima kutoa batri kwa matengenezo na namba ya siri haijulikani, fundi anayejua kazi anaweza kuunga batri ya pili ya volti sawa kwenye vichwa vya waya wa gari kabla ya kutoa ile ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo redio haioni umeme ukikatika na haijifungi. Lakini vichwa vile vya waya vinabaki na moto wakati wote wa kazi. Cha chanya kikigusa bati la gari kunatoka cheche, na karibu na batri kuko gesi inayoweza kulipuka. Pete na saa ya chuma vitolewe mkononi. Kama fundi hana uhakika, ni afadhali redio ijifunge.

Msibahatishe

Sasa redio imekwisha kujifunga. Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kuanza kubonyeza. Shofere anajaribu 1234, mtoto wa jirani anajaribu 0000, mwanakomite anajaribu mwaka alipozaliwa. Redio inahesabu makosa, na kila aina ina adhabu yake.

Redio nyingi za Volkswagen zinaandika SAFE. Baada ya makosa mawili zinakataa kupokea namba, na inabidi kuziacha zimewashwa kwa saa moja ndipo zikubali kujaribiwa tena. Renault inafanya kwa kuongeza muda: kosa la kwanza unangoja dakika 1, la pili 2, la tatu 4, inaendelea kujizidisha mara mbili mpaka dakika 32 kwa kila kosa. Redio za Ford zina ukali zaidi. Zingine zikifika kosa la 10 zinaandika LOCKED 10 na kukungojesha nusu saa, na zikifika la 13 zinaandika LOCKED 13, hapo zimefungwa kweli kweli, hata namba ya haki haikubaliwi tena mpaka fundi aifungue kwa mashine. Honda inatoa nafasi 10. Toyota za zamani zenye ulinzi zinaandika SEC, na ukikosea sana zinaandika HELP, yaani ziende kwa fundi.

Tufanye hesabu ya yule anayesema "tutajaribu tu mpaka ikubali". Namba nne, kila moja kuanzia 0 mpaka 9, zinatoa michanganyiko 10,000. Kwa redio inayokupa majaribio mawili kwa saa, kuzimaliza zote ni saa 5,000. Hiyo ni zaidi ya siku 200, mchana na usiku, redio ikiwa imewashwa na batri ikinyonywa. Mihogo ya Walikale itakuwa imekomaa kabla ya redio kufunguka.

Kwa hiyo mtu akikuta CODE, azime redio. Asibonyeze kitu. Kama kuna aliyekwisha kujaribu, aseme ni mara ngapi na iandikwe. Hakuna haya katika hilo. Fundi anahitaji kujua amebakiwa na nafasi ngapi, na shofere anayeficha majaribio yake ndiye anayemaliza nafasi ya mwisho.

Tena kuko skrini zinazodanganya macho. Redio ikiandika SAFE, watu wanafikiri inasema "salama". Inamaanisha imefungwa. Ikiandika WAIT, inasema ngoja, na kuizima katikati kwenye aina nyingi kunafanya muda uanze upya.

Tafuteni namba nyumbani kwanza

Namba imeandikwa mahali, karibu kila mara. Tatizo ni kwamba gari imepita mikono mitatu au minne kabla ya kufika Nyabiondo au Mubi, na karatasi zilibaki njiani.

Anzeni na kitabu cha gari, kile kinachotoka kiwandani. Kinaweza kuwa na kikadi kidogo kama cha simu chenye namba nne au tano, au namba imeandikwa kwa kalamu kwenye jalada. Kama kitabu hakiko, fungueni kisanduku kilicho mbele ya abiria na muangalie kuta zake kwa tochi, pembeni na juu, si chini tu. Honda wanapenda kubandika kikaratasi cheupe hapo. Angalieni ndani ya kisahani cha majivu, kwenye kifuniko cha fyuzi, kwenye pembe ya mlango wa shofere. Mtu aliyekuwa na gari zamani anaweza kuwa ameandika namba kwa bic ndani ya kifuniko cha jua.

Kisha muulizeni aliyewauzia au aliyewapa. Hapo tunaongea na sisi wenyewe pia, mashirika. Gari ya mradi ikipewa kooperative mwisho wa mradi, kunaandikwa PV, kunapigwa picha, kunapigwa makofi, na hakuna anayekumbuka kikadi cha redio. Kinabaki kwenye dosye ya ofisi ya Goma. Kama gari yenu ilitoka kwa shirika, namba ya siri inaweza kuwa bado kwenye dosye hiyo. Andikeni barua, wekeni namba ya shasi, ombeni. Ni haki yenu na haigharimu kitu. Niseme pia kwamba Land Cruiser nyingi za kazi zina redio ya kawaida isiyo na ulinzi wowote. Shida hii inatokea zaidi kwa magari madogo ya mkono wa pili na kwa pikapu zilizotoka Ulaya.

Mkiipata namba, msikimbilie kubonyeza. Namna ya kuiingiza inatofautiana. Kwenye nyingi, kifungo cha 1 kinabadilisha namba ya kwanza, cha 2 ya pili, cha 3 ya tatu, cha 4 ya nne. Namba ya kwanza ikiwa 7, unabonyeza kifungo cha 1 mara nyingi mpaka 7 ionekane. Ukibonyeza kifungo cha 7, haifanyi kitu au inahesabu kosa. Namba ikiwa imekaa sawa kwenye skrini, unashika kifungo cha kukubali kwa sekunde chache, na kifungo hicho pia kinatofautiana: kwenye Volkswagen nyingi ni kile cha kutafuta stesheni kwenda mbele. Hapa watu wengi wenye namba ya haki wanapoteza nafasi zao. Someni kitabu, au muulizeni mwenye gari ya aina hiyo.

Kama namba haipatikani popote

Basi inaombwa kwa yule anayetunza namba za aina hiyo ya gari, au kwa fundi wa umeme wa gari mwenye mashine. Wote watataka vitu viwili: namba ya shasi, ile iliyopigwa kwenye chuma na iliyo kwenye karte roze, na namba ya redio yenyewe. Namba ya redio iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mwili wake, mahali pasipoonekana mpaka ichomolewe. Redio zingine za Ford na Honda zinaonyesha namba hiyo kwenye skrini ukishika kifungo cha 1 na cha 6 pamoja. Jaribuni hivyo kabla ya kuchomoa, maana kushika vifungo hivyo hakuhesabiwi kuwa kosa.

Kuchomoa redio kunataka ufunguo wake. Nyingi za Ulaya zina vitundu vidogo pande mbili, na vinaingizwa vyuma viwili vilivyopinda kama U. Bila vyuma hivyo, mtu anachukua bisibisi na kuvunja plastiki yote ya mbele. Tumeona tablo zilizofanyiwa hivyo, na hazirudi. Batri ikatwe kwanza, upande wa hasi ndio uanze kutoka na ndio wa mwisho kurudi. Redio imekwisha kujifunga, kwa hiyo hapo hakuna cha kupoteza.

Namba ya redio inanakiliwa na watu wawili, mmoja anasoma na mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Herufi O na sifuri, I na 1, B na 8, zinafanana sana kwenye kikaratasi chenye vumbi. Herufi moja ikikosewa, mtapewa namba ya redio ya mtu mwingine, mtaingiza, mtahesabiwa kosa. Kama simu inapiga picha, pigeni picha, mkifika mahali penye rezo mtume. Kwa wenzetu wa Walikale hiyo inaokoa safari. Kutoka Walikale-centre kupitia Hombo mpaka Bukavu si njia ya kwenda kwa ajili ya namba nne, na ndege inayotua kwenye barabara ya Kilambo haikuja kubeba redio.

Sasa pesa. Kutafuta namba kwa kutumia namba ya redio ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Mafundi wengine wanasoma kile kijisehemu cha kumbukumbu kwa kompyuta, na hiyo ni kazi kubwa kidogo kwa sababu redio inafunguliwa. Ulizeni bei kabla, na ulizeni itakuwaje isipofunguka. Kuko fundi atakayesema "hii imekufa, mniachie, niwauzie ingine". Redio iliyoandika CODE haijakufa. Ukiona maandishi kwenye skrini, ujue umeme unaingia na ubongo wake unafanya kazi. Kama mmeamua kununua ingine, ile ya zamani irudi kwenye kooperative. Ni mali ya wanachama, haibaki kwa fundi kama zawadi.

Na fundi mwaminifu naye atawauliza maswali. Karte roze iko wapi? Nani amekutuma? Msikasirike. Redio iliyofungwa na haina namba ndiyo hali ya redio iliyoibwa. Fundi anayefungua kila kinacholetwa bila kuuliza, kesho atafungua ya kwenu iliyoibwa. Kwa hiyo shofere asitumwe mikono mitupu. Aende na kopi ya karte roze, karte yake ya mpigakura, na barua fupi ya komite yenye muhuri. Kwa sababu ile ile, mkiona sokoni redio nzuri ya bei rahisi na muuzaji anasema namba "ataileta kesho", wekeni pesa yenu mfukoni.

Redio inayosahau kila asubuhi

Kuna kesi ingine inayofanana na hii. Namba mnaijua, mnaiingiza, redio inaimba siku nzima. Asubuhi inaomba tena, na hakuna aliyegusa batri. Hapo katika kooperative kunaanza maneno: nani anachukua batri usiku? Mlinzi anatazamwa vibaya. Shofere anatazamwa vibaya zaidi.

Kabla ya kumhukumu mtu, angalieni fyuzi. Ule waya wa kudumu una fyuzi yake, na kwenye Toyota nyingi ni ile iliyoandikwa DOME, inayolisha pia taa ya ndani ya gari. Fungua mlango usiku. Kama taa ya ndani haiwaki na redio inasahau, fyuzi hiyo imeungua au imetolewa. Inabadilishwa na yenye namba ile ile ya ampea. Karatasi ya sigara au kipande cha waya kisiwekwe hapo, mtachoma gari.

Kama fyuzi ni nzima, huenda aliyefunga redio aliunga waya wa manjano na mwekundu pamoja kwenye kontakti. Redio inaimba vizuri, lakini kila ufunguo unapotoka inakatwa kabisa. Sababu ya tatu ni batri iliyochoka. Wakati wa kuwasha motere, hasa asubuhi za baridi za Masisi, volti zinaanguka chini sana kwa sekunde mbili, na redio inadhani imechomolewa. Hiyo ni habari muhimu kuliko redio yenyewe. Inawaambia kwamba siku si nyingi gari itasukumwa. Pimeni batri, safisheni vichwa vyake, kazeni. Tumtake radhi mlinzi, kama alikwisha kusemwa.

Namba iandikwe wapi

Ubishi wetu na komite nyingi uko hapa. Wengine wanataka namba ijulikane na shofere peke yake. Shofere akiugua, akiondoka, au akigombana na komite, namba inaondoka naye, na tumeshasikia ikitumiwa kama silaha ya kudai mshahara. Wengine wanaiandika kwa maki juu ya redio yenyewe. Hao wamefanya kazi ya mwizi.

Maoni yetu ni kwamba namba ikae mahali pawili. Kwanza kwenye dosye ya gari, pamoja na kopi ya karte roze, iliyo ndani ya sanduku la komite. Pili kwa mweka hazina au katibu, nyumbani, ndani ya bahasha. Shofere aijue, ndiyo, maana ndiye anayebaki njiani. Lakini isiandikwe ndani ya gari, hata kwenye daftari ya safari. Kila komite mpya ikiingia, kwenye PV ya kukabidhiana kuwe na mstari: funguo ngapi, kriki, gurudumu la akiba, kitabu cha gari, namba ya redio. Bahasha ifunguliwe mbele ya wote wawili, anayetoka na anayeingia, kisha ifungwe tena. Kwa magari mnayokaribia kupewa au kununua, ombeni kikadi siku ile ile, kabla ya kutia sahihi. Siku tatu baadaye muuzaji hana tena kumbukumbu.

Magari ya Japani yana siri zao

Magari mengi yenye usukani wa kuume yanayoingia kwetu yametumika Japani kwanza, yakashukishwa Mombasa au Dar es Salaam. Kwenye Toyota za namna hiyo zenye skrini kubwa ya ramani, batri ikitoka skrini inaandika kwa Kijapani au inaomba kadi ya ramani iliyobaki kwa mwenyewe wa kwanza. Haiombi namba nne. Inatoa maandishi marefu ya herufi na namba 16 yanayoitwa ERC, na fundi anayatumia kupata ufunguo wa redio ile peke yake. Mafundi wa Nairobi, Kampala na Goma wanaijua sana kazi hii. Hapa pia piga picha ya skrini, usinakili kwa kichwa.

Na ikisha kufunguka, msishangae kama Radio Okapi haipatikani. Redio za Japani zilitengenezwa kusikia FM kutoka 76 mpaka 90, na za karibuni mpaka 95. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinachoshusha stesheni za juu mpaka pale redio inapofika. Kikishusha kwa 20, basi 105.2 mtaitafuta kwenye 85.2. Muulizeni anayewauzia kinashusha kwa ngapi, muandike kwenye ile dosye ya gari, na shofere afanye hesabu yake ya kutoa.